Sakafu ya Land Cruiser ya Mzee: shajara ya matengenezo

Jumamosi, 10 Agosti

"Baba, naona barabara."

Binti yangu alisema hivyo leo tukitoka Hombolo na kreti za zabibu nyuma. Nilidhani anachungulia dirishani, nikamwitikia tu. Akarudia, safari hii akinyoosha kidole chini, kati ya miguu yake. Nikaegesha pembeni, nikainua mkeka wa raba upande wake. Changarawe ya barabara ilikuwa inaonekana waziwazi kupitia tundu la ukubwa wa kisahani cha kikombe, na kingo zake zilikuwa zimechanika mithili ya karatasi iliyolowa. Nikamsogeza katikati, karibu na gia, tukaja polepole hadi nyumbani Nkuhungu.

Gari lenyewe ni Land Cruiser HZJ75, pikapu ya kabini moja, injini ya 1HZ ya dizeli, lita 4.2, silinda sita. Mzee, baba yangu, alilinunua kwa mtu wa Tanga mwaka 2003, akalitumia miaka 18 kubebea mtama, zabibu na chumvi ya mifugo ya kuuza minadani. Magoti yalipoanza kumsumbua akanipa ufunguo. Injini haijawahi kufunguliwa. Ukilala chini ya gari unaona chesisi kavu, ina vumbi jekundu na mafuta ya zamani, lakini nzima.

Hapa kwetu watu husema gari la Dodoma halioti kutu. Mimi mwenyewe niliamini hivyo mpaka leo saa nane mchana. Ndiyo sababu naanza kuandika: nataka kujua sakafu imeozaje katika mji unaokaa zaidi ya nusu mwaka bila mvua, na nataka nikishaitengeneza isioze tena.

Jumapili, 11 Agosti

Nimetoa viti na mikeka. Bolti za viti nilizilowesha dizeli tangu jana usiku. Mbili zilikatika hata hivyo.

Chini ya mkeka wa raba kulikuwa na tabaka la gunia lililoshindiliwa, jeusi na zito. Mvua ya mwisho hapa ilinyesha Aprili. Nimelikamua gunia lile kwa mkono, likatoa maji ya rangi ya chai. Miezi minne ya jua na upepo, na bado lina maji! Nilikaa nalo mkononi kwa muda nikijaribu kuelewa.

Chini ya gunia, lami. Chini ya lami, bati la paa. Kuna fundi aliyewahi kunyoosha kipande cha bati la nyumba kwa nyundo, akakilaza juu ya sakafu iliyokwisha kuoza, akakipiga ribiti na kumwagia lami juu. Mzee hakumbuki kazi hiyo, kwa hiyo huenda ilifanyika kabla ya gari kuja kwetu. Bati la paa ni jembamba mno, halifiki hata nusu milimita, na kati yake na sakafu ya zamani maji yalikuwa yamepata nyumba. Nilipong'oa ribiti ya mwisho bati likainuka na ganda zima la kutu, tabaka juu ya tabaka, kama gome la mti mkavu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, ndiyo maana inavimba na kujipasua yenyewe. Ikishavimba, maji yanapata mianya mipya ya kuingia.

Upande wa dereva hali ni tofauti. Hapo hakuna tundu kubwa, lakini kwenye kona, chini ya kanyagio la klachi, nimekuta punje za mtama zilizoota. Machipukizi yalikuwa meupe kabisa, urefu wa kidole, yamelala bapa chini ya zulia yakitafuta mwanga. Yamekauka, lakini yaliota, na mbegu haioti bila maji. Nimechukua matatu nikayafunga kwenye karatasi, nataka kumwonyesha Mzee.

Upande wa abiria hakukuwa na chipukizi lolote, ingawa punje za mtama zilikuwepo nyingi tu. Kona za huko zina unga mweupe uliogandana. Niliudondoshea maji, ukayeyuka.

Nikachukua bisibisi na chaki. Kila mahali bisibisi ilipozama au bati likabonyea, nikachora mstari. Nilipomaliza, upande wa abiria mstari ulizunguka eneo la sentimita 60 kwa 45, karibu sakafu yote ya mbele. Kwa dereva ni ukanda wa upana wa kiganja unaofuata ukuta wa mbele, kutoka kona ya mlango hadi kwenye klachi. Mihimili miwili inayopita chini ya sakafu nimeigonga kwa nyundo, inalia vizuri.

Jumamosi, 17 Agosti

Jirani yangu amepita, akaangalia, akashauri ninunue kipande cha bati nene nikipige bolti juu, mambo yaishe. Anasema kwa nia njema, na gari lingetembea kesho. Lakini hivyo ndivyo alivyofanya yule wa bati la paa. Nikiziba leo bila kujua maji yanakotoka, nitakuwa nimeyajengea maji chumba kingine.

Kwa hiyo leo sikugusa chuma. Nilitafuta maji.

Mke wangu ni mwalimu; alinipa vipande vya chaki vilivyobaki darasani. Nimevisaga, nikanyunyiza unga wake ukutani chini ya dashibodi na sakafuni pande zote mbili. Kisha nikaingia ndani na tochi, nikafunga milango, mdogo wangu akawa anamwagia gari maji kwa mpira. Tulianza chini: milango kwanza, dakika kumi kila upande. Pakavu. Tukapanda kwenye matundu ya hewa chini ya kioo. Pakavu. Tukafika kwenye kioo cha mbele, kona ya chini upande wa dereva. Haikupita dakika moja, mstari mwembamba wa kijivu ukajichora kwenye unga wa chaki, ukashuka nyuma ya kanyagio la klachi, ukatulia palepale nilipookota mtama ulioota.

Nilipiga kelele hadi mdogo wangu akazima bomba akidhani nimeumia.

Raba ya kioo imekauka, imepasuka pembeni. Ukiibonyeza kwa kidole haijirudishi. Hapo ndipo nimeelewa habari ya mtama ulioota pale. Haukuhitaji mvua. Gari hili nalipeleka kuoshwa kila Jumamosi kwa sababu ya vumbi, na vijana wa pale wana pampu yenye nguvu. Kwa hiyo kila wiki, mwaka mzima, nimekuwa nikilipa pesa ili maji yaingie chini ya zulia. Inauma, lakini afadhali nimejua.

Upande wa abiria unga wa chaki ulibaki mkavu mpaka mwisho. Hiyo nayo ina maelezo yake, na nadhani najua pa kuuliza.

Jumapili, 18 Agosti

Nimekwenda Veyula kwa Mzee.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Gari linasemaje?"

Nikamfungulia ile karatasi. Aliyatazama machipukizi ya mtama kwa muda, akayageuza kwa ukucha, akasema ni mtama wa ule mwaka mifuko ilipopasuka njiani, anaukumbuka. Nikamwuliza kuhusu chumvi. Akasema, "Gunia la chumvi huliachi nyuma mvua ikikukuta. Nililiweka mbele, pale pa abiria. Magunia mawili, matatu, kila msimu."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Chumvi ilimwagika kidogo kidogo kwa miaka, ikapenya chini ya mkeka. Chumvi hunyonya unyevu wa hewa, ndiyo maana gunia lile halikukauka, na maji yenye chumvi hula chuma upesi kuliko maji matupu kwa sababu yanapitisha umeme ule mdogo ambao ndio unaoendesha kazi yote ya kutu. Haikuhitaji hata raba mbovu. Masika tu, miguu ya abiria yenye matope, na hewa ya usiku.

Mzee alitaka kuomba radhi. Nikamwambia chumvi ile ndiyo iliyonilipia ada.

Jumamosi, 24 Agosti

Leo amekuja fundi bodi wa zamani kutoka Kizota. Vijana wote humwita Babu, nami namwita hivyo. Alinyoosha bodi za magari tangu enzi za Land Rover 109 za serikali, na siku hizi hachomelei tena kwa sababu ya macho, lakini masikio anayo.

"Mbukwa, Babu."

"Mbukwa, mjukuu wangu. Lete nyundo ndogo."

Akaanza kugonga sakafu polepole kuanzia mlangoni. Palipo pazima mlio ni mkali na mfupi. Palipoliwa, mlio unakuwa mzito, umekufa, hata kama rangi juu bado inang'aa. Alichukua chaki yangu akachora mstari mwingine nje ya ule wangu, wakati mwingine vidole viwili nje, kwingine kiganja kizima. "Wewe umechora pa kuoza," akasema. "Mimi nachora pa kukatia." Ukichomelea bati jipya kwenye ukingo mwembamba ulioliwa, moto unautoboa, na unabaki ukifukuza tundu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Lazima ufike kwenye chuma kizima ndipo ushone.

Tulibishana kidogo kuhusu namna ya kuchomelea. Mimi nina mashine ya kawaida ya fito, na nilitaka kuitumia. Akakataa. Kwa bati la milimita 1.2, fito ya milimita 2.5 inatoboa kabla hujapata mkono. Nilitegemea atasema tutumie gesi, kwa kuwa ndiyo aliyoitumia maisha yake yote, lakini nayo akaikataa: moto wa gesi unasambaa, na sakafu bapa itajipinda ibaki kama kaukau. Akasema kijana wake ana mashine ya waya, waya wa milimita 0.8 na gesi ya CO2, atakuja nayo.

Kabla hajaondoka alilishika lile bati la paa, akalinusa, akalirudisha chini. Akaniuliza kama nimewahi kulichomelea. Hapana. "Vizuri. Ile zinki ikiungua inatoa moshi mweupe. Jioni unatetemeka kama mwenye malaria. Sisi tulikuwa tunakunywa maziwa tukidhani ndiyo dawa. Si dawa. Dawa ni kuisaga zinki yote kwanza au kutumia bati jeusi, lisilo na zinki."

Jumamosi, 31 Agosti

Kioo cha mbele kimetoka salama. Tulikikata kwa kupitisha uzi wa chuma chini ya raba, watu wawili. Fremu ina kutu kona ya chini, sentimita nane hivi, imeliwa juu juu tu. Nimesugua kwa brashi ya waya, nikapaka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki. Inageuza kutu iliyobaki kwenye vishimo kuwa nyeusi na ngumu. Raba mpya haipatikani hapa. Mdogo wangu atainunua Dar na kuja nayo kwenye treni ya SGR.

Jumamosi, 7 Septemba

Umeme ulikatika asubuhi hadi jioni. Sikufanya kitu zaidi ya kununua shiti moja ya bati jeusi, milimita 1.2, futi 8 kwa 4, shilingi 85,000. Sakafu ya asili, nikipima ukingo ulio mzima, inakaribia milimita 1, kwa hiyo hii inaizidi kidogo. Uzito wake ni kama kilo 28, tumelibeba watu wawili kutoka Uhindini hadi stendi ya bajaji, na dereva wa bajaji alikubali kwa shingo upande.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimekata. Nimetoa betri kabisa, siyo waya tu. Nimehakikisha mabomba ya dizeli na breki yanapita wapi chini, nikayawekea ubao juu. Diski nyembamba ya milimita 1, miwani, barakoa. Cheche zilikuwa zinaruka hadi kwenye ukuta wa jirani.

Kwenye mihimili, sakafu ya kiwanda imeshikwa kwa nukta za moto kila baada ya sentimita nne au tano. Nukta hizo huwezi kuzikata kwa grinda bila kuumiza mhimili, kwa hiyo nilizitoboa moja moja kwa drili, bati la juu tu, halafu nikaingiza tindo nyembamba. Nukta 31. Kazi ya saa tatu, na mgongo wangu unaijua. Lakini mihimili imebaki mizima na hapo ndipo sakafu mpya itakapokaa.

Kisha chumvi. Hapa ndipo nilipotaka kufika leo.

Bati lililooza limeondoka, ila chumvi bado imo kwenye mihimili, kwenye mikunjo, kwenye vishimo vya chuma kilichobaki. Ukipaka rangi juu ya chumvi, rangi itavimba mapovu. Na chumvi haiondoki kwa msasa. Inaondoka kwa maji. Watu wangenishangaa kumwagia maji gari ninalolitibu kutu. Nilichemsha maji ndoo nne, nikasugua kwa brashi ya mswaki, nikasuuza na kuyakinga maji yanayodondoka chini.

Nilijuaje imekwisha? Nilichukua kipande cheusi cha ile shiti, nikakisugua kwa sabuni, nikakiweka juani. Kila ndoo ikiisha, nikadondosha tone moja la maji yaliyodondoka. Jua la saa saba la Septemba linakausha tone kwa dakika chache. Tone la ndoo ya kwanza liliacha duara jeupe, nene ukingoni, unaweza kulikwangua kwa ukucha. La pili jeupe bado. La tatu, ukungu. La nne nililazimika kuinama na kulitazama kwa pembeni ndipo nikaona kitu. Nikachemsha ndoo ya tano kwa usalama, tone lake halikuacha kitu.

Nimekausha yote kwa feni hadi usiku. Nyongeza ya Jumapili: asubuhi mihimili ilikuwa imeshika kutu nyembamba ya rangi ya chungwa, ile ya juu juu. Hiyo nimeisugua na kuipaka dawa, imekuwa nyeusi.

Jumamosi, 21 Septemba

Kutengeneza vipande. Kwanza nilikata vigezo vya boksi la katoni, nikavipachika hadi vikakaa bila mwanga kupita, ndipo nikahamishia kwenye bati.

Sakafu ya kiwanda siyo bapa. Ina migongo iliyobonyezwa, na kazi yake ni kuzuia bati lisidunde na kulia safarini. Bati bapa la ukubwa huu lingepiga kelele njia nzima hadi Kondoa. Nimetengeneza migongo hivi: vyuma viwili vya pembe, angle, nimevifunga sambamba kwenye meza vikiachana milimita 25, bati juu, bomba la robo tatu ya inchi juu ya bati, nyundo ya kilo mbili. Unapiga kidogo, unasogea, unarudi tena. Ukipiga kwa hasira upande mmoja, bati linajikunja kama jani. Kipande cha dereva kilinikubali mara ya kwanza.

Cha abiria nilikikata kinyume. Kigezo nilikigeuza kichwa chini nilipokuwa nachora, na migongo ikawa upande usiofaa. Nilitambua nilipokipeleka kwenye gari. Nusu ya siku imepotea na robo ya shiti pia. Kuanzia sasa kila kigezo naandika JUU kwa kalamu nene kabla sijakitoa ndani ya gari.

Jumamosi, 28 Septemba

Siku ya moto.

Kijana wa Babu amekuja na mashine ya waya saa mbili asubuhi, Babu naye kiti chake cha kukunja. Jambo la kwanza lililotukwamisha ni upepo. Septemba Dodoma inapuliza, na mashine hii inategemea gesi itulie juu ya moto ili hewa isiguse chuma kilichoyeyuka. Upepo ukiipeperusha gesi, mshono unatoka na vitundu kama mkate. Majaribio mawili ya kwanza kwenye kipande cha taka yalikuwa hivyo hivyo. Tukafunga turubai pande tatu za gari, tukaacha wa nne kwa ajili ya hewa ya kupumua, mshono wa tatu ukatoka laini.

Kwenye mihimili nilikuwa nimetoboa bati jipya matundu ya milimita 6, moja juu ya kila nukta ya kiwandani. Kijana anajaza tundu kutoka katikati, moto unashika mhimili na bati kwa pamoja. Chini yake nimepaka rangi ya zinki inayostahimili moto, kwani sehemu mbili za bati zikilaliana huwezi tena kuzipaka ndani. Kuzunguka ukingo, bati kwa bati, hatukulazisha mshono mrefu. Nukta moja kona hii, nukta kona ile, nukta katikati, kisha unasubiri. Kati ya nukta na nukta alikuwa anaweka kiganja juu ya bati; likiwa na joto la kumfanya atoe mkono, anahamia upande mwingine. Ilichukua saa tano kumaliza kilichoonekana ni kazi ya saa moja. Bati limekaa bapa, halikujikunja hata kidogo.

Mchana kidogo harufu ilibadilika. Mimi niliyeshika ndoo ya maji na tambara sikuona moshi, ila Babu aliinuka kutoka kwenye kiti akisema, "Dashibodi." Nyuma ya ukuta wa mbele kuna sponji ya kuzuia kelele, na cheche moja ilikuwa imepita kwenye tundu la waya na kuishika. Haikuwaka, ilikuwa inafukuta polepole. Tulimwaga maji, tukaitoa sponji yote. Nilidhani nimekagua kila kitu kinachoungua. Tulisubiri nusu saa kabla ya kuendelea, na baada ya kazi sikuondoka karibu na gari kwa saa mbili.

Babu aligonga sakafu mpya kabla ya kwenda. Alianza mlangoni kama siku ile. Mlio mkali na mfupi, njia nzima. Hakusema kitu, alinirudishia nyundo.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimesaga mishono, sikuisaga hadi iwe bapa kabisa kwani ingebaki nyembamba. Praima mara mbili juu na chini. Gundi ya mishono ya bodi kwenye kila ukingo, nimeisukuma kwa kidole. Rangi ya chini nyeusi, nene.

Lami sikuipaka. Lami ikizeeka inapasuka na kuachia, na unyevu ukishaingia nyuma yake hutauona hadi mtoto akwambie anaona barabara. Ndani ya mihimili nimepuliza nta ya kuzuia kutu kupitia matundu yake, hadi ikadondoka upande wa pili.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nyerere Dei, sikuwa kazini. Rangi ya juu, ya kijivu, ile ya mashine. Ningeweza kuweka nyeusi, lakini nataka kutu ikitokea nione doa siku hiyohiyo.

Kioo kimerudi na raba mpya kutoka Dar. Raba hizi hukataa kuingia asubuhi zikiwa baridi. Tuliianika juani robo saa, tukaipaka maji ya sabuni, ikaingia kwa kuvuta kamba. Binti yangu ndiye aliyevuta kamba.

Zulia na gunia havirudi. Nimekata mikeka miwili ya raba isiyogundishwa, inayoinuliwa kwa mkono mmoja. Vizibo vya matundu ya kutolea maji sakafuni nimevipata upya. Magunia ya chumvi, yakibebwa tena, yatakaa nyuma ndani ya pipa lenye kifuniko.

Jumamosi, 26 Oktoba

Jaribio la chaki tena, la dakika ishirini kwenye kona ile. Unga ulibaki mweupe. Mzee alikuwepo, amekaa kiti cha abiria na tochi, amekataa kushuka mpaka maji yafungwe. Gari limekwenda Kondoa na kurudi. Hakuna vumbi ndani, na sakafu haikulia.

Jumapili, 1 Desemba

Mvua ya kwanza ya kweli ilinyesha jana usiku, kubwa, na upepo wa kuipiga kiooni. Niliamka saa kumi alfajiri nikaenda nje na tochi. Nikainua mkeka wa abiria, nikapitisha kiganja: pakavu, hata vumbi lilinishika vidoleni. Mkeka wa dereva, pakavu pia, isipokuwa tone moja chini ya kanyagio la klachi, la ukubwa wa shilingi.

Moyo ulinishtuka. Nikaligusa. Halikuwa maji, lilikuwa linateleza, lina harufu. Ni mafuta ya breki kutoka silinda ya juu ya klachi, na pale lilipokaa rangi yangu ya kijivu imeanza kulainika na kukunjamana. Mafuta haya hula rangi, na rangi ikiondoka chuma kinabaki wazi palepale mtama ulipoota. Nimeyaosha kwa maji na sabuni saa ileile, nikakausha, nikafunga tambara kwenye silinda. Kesho nanunua raba zake, na nitapaka rangi upya hapo baada ya kuhakikisha haivuji.